Ngome na Bandari ya Mombasa: Ni Nani Aliyefungua Lango?



Kila mkaazi wa Mombasa amepita chini ya kuta za Ngome. Wengi wetu tulicheza pale utotoni maji yakipwa, tukiokota makombe na vigae vilivyolainishwa na mawimbi, wala hatukuuliza vigae vile vilitoka katika vyombo vya nani. Kuijua Ngome kwa macho ni jambo moja, na kuijua kwa khabari zake ni jambo jingine.

Kijana mmoja katika darasa letu alitoa suali lililotunyamazisha sote. Alisema: "Ikiwa kuta hizi ni nene hivi, na mizinga ilikuwa mingi hivi, mbona Ngome hii imebadilisha wenyewe mara nyingi kama nyumba ya kupanga?" Suali hili lastahiki jawabu, na somo letu la leo ni hilo. Tutazieleza khabari za vita vya Ngome na bandari yake kwa taratibu ya miaka, na kila mahali ilipotoka mkono huu ikaingia mkono ule tutauliza neno moja tu: lango lilifunguliwa na nani?

MAHALI PENYEWE

Mwanafunzi wa khabari za vita hana budi aanze kwa kuitazama ardhi na maji. Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na bara karibu pande zote, mfano wa kiini ndani ya yai. Upande mmoja yapita njia ya maji iendayo Bandari ya Kale, mbele ya mji wa Mvita. Upande wa pili yapita njia iliyo pana na yenye maji marefu zaidi, iendayo Kilindini, na jina lenyewe latosha kueleza, kwani kilindi ni mahali penye kina. Nyuma ya kisiwa, pale Makupa, zamani maji yalikuwa yakipwa hata mtu akaweza kuvuka kutoka bara kwa miguu. Basi milango ya Mombasa ilikuwa mitatu, miwili ya bahari na mmoja wa bara, na aliyetaka kuulinda mji ilimpasa ailinde yote mitatu.

Tena kuna pepo. Kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba hata Machi, ikavileta vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kisha hugeuka kuwa kusi, ikavirudisha. Merikebu za vita za zamani zilikuwa watumwa wa pepo hizi. Jemadari aliyehitaji msaada kutoka Goa, na kaskazi imekwisha kupita, alijua kuwa hana budi angoje miezi mingi. Mwenye kulishika neno hili ataelewa kwa nini njaa iliua watu wengi ndani ya Ngome kuliko risasi.

MJI USIO NA NGOME

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Watu wa Mombasa hawakumwamini, naye hakuwaamini, akang'oa nanga baada ya siku chache akenda Malindi. Huko alipokewa kwa heshima, akapewa na rubani wa kumvusha hata Bara Hindi. Je, watu wa Malindi walikuwa na mapenzi makubwa na Wareno? Hapana. Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana kwa biashara na kwa ukubwa kabla hajaonekana Mreno yeyote katika bahari hii, na mfalme wa Malindi aliona kuwa mgeni huyu mwenye mizinga atamfaa kwa kumpiga jirani yake. Wahenga walisema kweli: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Furaha hiyo haikukawia. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia bandarini na merikebu zake. Watu wa Mombasa walipigana nyumba kwa nyumba katika vichochoro, wakishindana kwa mishale na mawe na watu waliovaa chuma, lakini mji ukashindwa, ukatekwa nyara, ukatiwa moto. Mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, na Malindi ikiwa upande wake. Akakaa mjini miezi kadhaa, na alipoondoka mwaka 1529 akauchoma tena. Mwaka 1587 ukaharibiwa mara ya tatu, kwa sababu ulikuwa umempokea nahodha wa Kituruki aitwaye Mir Ali Bey, aliyekuja kuwaondoa Wareno pwani.

Nahodha huyo alirudi akafanya makao Mombasa, akajenga ngome ndogo ufukoni. Mwezi wa Machi 1589 merikebu za Tomé de Sousa Coutinho zikamkuta bandarini. Wakati huohuo kundi kubwa la wapiganaji walioitwa Wazimba, waliokuwa wamepanda kutoka kusini wakiharibu kila mji, lilikuwa limepiga kambi bara ng'ambo ya Makupa, na Mir Ali Bey alikuwa ameweka vyombo vyake viwili pale kivukoni kuwazuia. Wareno waliviteka vyombo vile, na Wazimba wakavuka. Mji wa Mombasa ukawa kati ya moto wa baharini na moto wa bara. Watu walikimbilia baharini wakitafuta usalama kwa adui yuleyule aliyekuja kuwapiga, na wengi walizama. Mir Ali Bey mwenyewe akachukuliwa mateka.

Litazame jambo hili, msomaji. Wakati huo hapakuwa na Ngome. Lakini milango mitatu ilikuwapo, na aliyelinda miwili akausahau mmoja aliangamia.

NGOME YAJENGWA

Baada ya haya Wareno walikata shauri kuwa hawataondoka tena. Mfalme wa Malindi, rafiki yao wa miaka yote hiyo, alipewa ufalme wa Mombasa, akahamia huko na jamaa zake pamoja na ahadi ya theluthi moja ya ushuru wa forodha. Mwezi wa Aprili 1593 ukatiwa msingi wa ngome kubwa juu ya mwamba wa matumbawe, mahali ambapo kila chombo kiingiacho Bandari ya Kale sharti kipite mbele ya mizinga yake. Wakaiita Ngome ya Yesu, ndiyo Waingereza waiitayo Fort Jesus. Sisi wenyeji twasema Ngomeni, na kila mtu hufahamu.

Aliyeipima alikuwa Mtaliana, jina lake Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkubwa wa Wareno katika nchi za mashariki. Kazi yake yastahiki kusomwa. Zamani ngome zilijengwa kwa kuta ndefu zilizosimama wima, lakini mizinga ilipoenea, kuta za namna hiyo zikawa hazifai. Cairati alijenga kuta nene zilizoinama kidogo, na katika pembe nne akaweka buruji zilizotokeza nje, kila moja ikiutazama ubavu wa mwenziwe. Adui aliyefika chini ya ukuta hakupata mahali pa kujificha, kwani mzinga wa buruji ya jirani ulimwona. Upande wa bara likachimbwa handaki katika mwamba. Na upande wa maji ikachongwa njia yenye matao, ishukayo hata baharini, ili chakula na baruti viweze kuingizwa kwa mashua bila ya kupita langoni.

Njia hii iweke moyoni. Mhandisi yule alifahamu kuwa roho ya ngome yake iko katika mashua ya chakula.

YUSUF BIN HASAN

Baada ya Ngome kujengwa, urafiki wa Malindi na Wareno haukudumu zaidi ya kizazi kimoja. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na majemadari wa Ngome juu ya haki zake. Mwaka 1614 akakimbilia bara, na huko akauawa kwa fitina za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto wake Yusuf, aliyekuwa bado mdogo, akachukuliwa naye akapelekwa Goa. Akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akasomeshwa na makasisi, akatumikia katika merikebu zao, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme. Wareno walidhani wamejifanyia mtu wao.

Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake kama mgeni anayejulikana. Walinzi hawakumzuia. Akamuua jemadari Pedro Leitão de Gamboa, akajitangaza kuwa amerudi katika Uislamu, akaishika Ngome. Wareno wa mjini waliuawa, na miongoni mwao walikuwa wanawake na watoto. Hapa sharti tuseme wazi: kuwatoa wadhalimu ni haki, lakini damu ya mwanamke na ya mtoto asiyepigana haikuhalalishwa na dini yetu, na hatuwezi kuifunika kwa sababu aliyeimwaga ni mwenzetu.

Mapema mwaka 1632 zilikuja merikebu kutoka Goa kuirudisha Ngome. Zilipiga mizinga kwa wiki nyingi, zikashindwa, zikarudi. Lakini Yusuf aliona kuwa peke yake hataweza kungoja kaskazi nyingine. Akavunja sehemu za Ngome, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka, akaondoka kwenda kupigana baharini, na Wareno wakaingia mahali patupu. Jiwe lililoandikwa mwaka 1635, ambalo liko juu ya lango hata leo, lamsifu jemadari wa Kireno aliyeitengeneza upya na kuitiisha pwani. Lakini jiwe halisemi kuwa Ngome ilipatikana bila ya vita.

MIEZI THALATHINI NA MITATU

Mwezi wa Januari 1650 Imam Sultan bin Seif wa Oman aliwatoa Wareno Maskati. Waomani walizichukua merikebu walizoteka, wakajifunza kuziendesha na kuunda nyingine, na muda si muda wakawa na manuwari zilizoweza kupambana na Wareno katika bahari kuu. Watu wa pwani waliochoka na utawala wa Wareno wakawapelekea wajumbe kuwaomba msaada. Mwaka 1661 Waomani waliushambulia mji wa Mombasa wakauteka nyara, lakini hawakuigusa Ngome. Walikuwa bado wanajifunza.

Tarehe 13 Machi 1696 manuwari za Imam Seif bin Sultan ziliingia bandarini. Waomani waliushika mji na kisiwa, wakaihusuru Ngome. Ndani yake askari wa Kireno hawakufika mia moja, na pamoja nao walikuwa watu wa pwani zaidi ya elfu, waume kwa wake na watoto, waliokuwa upande wa Wareno au waliokimbia vita.

Wengi wetu tumezoea kuieleza vita hii kama vita vya Waislamu na Wakristo. Khabari zenyewe hazikubali kuelezwa hivyo. Malkia wa Unguja aliwapelekea Wareno chakula. Pate ilikuwa na Waomani. Na kwa kuwa Pate ilikuwa na Waomani, Faza, iliyo katika kisiwa kilekile na yenye uadui wa zamani na Pate, ikawa na Wareno. Mtoto wa mfalme wa Faza, Daud, aliingia Ngomeni na watu wake akapigana kwa ushujaa ambao adui zake wenyewe hawakuweza kuukanusha.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1696 merikebu za msaada zilifika kutoka Goa kwa kaskazi. Askari na chakula vikaingizwa, lakini maradhi yalikuwa yamekwisha kuingia kabla yao. Jemadari wa kwanza, João Rodrigues Leão, alikuwa amekufa mwezi wa Oktoba. Mwaka 1697 tauni ikawafagia waliosalia, na mwisho wa Agosti akafa jemadari wa pili, António Mogo de Melo. Basi ikawa kwa majuma kadhaa ngome kubwa ya mfalme wa Wareno, yenye jina la Yesu, ilikuwa chini ya amri ya Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na Wareno wachache wagonjwa, watu wake wa Faza, na wanawake wa Kiafrika waliosimama juu ya kuta na silaha mikononi. Na nje wakingoja Waislamu wengine. Ngome haikutekwa wakati huo. Mwezi wa Septemba merikebu zikafika kutoka Msumbiji, zikaiokoa tena.

Mojawapo ya merikebu hizo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome mwezi wa Oktoba 1697. Ilikaa chini ya maji karibu miaka mia tatu, hata wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale walipoichimbua kati ya 1977 na 1980. Vitu vilivyopatikana vimewekwa katika jumba la makumbusho la Ngomeni, na mwanafunzi aweza kwenda kuvitazama kwa macho yake.

Mwaka 1698 msaada ulikawia. Askari wa Kireno waliosalia wakawa wahesabika kwa vidole. Waomani walipopata khabari ya udhaifu huo, usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, sawa na mwaka 1110 wa Hijria, walipanda kuta wakaingia, na asubuhi ilipokwisha kila kitu kilikuwa kimekwisha. Siku chache baadaye merikebu za msaada zikatokea kwa kaskazi. Waliokuwa ndani walitazama juu ya kuta wakaiona bendera nyekundu ya Oman. Wakageuza tanga, wakaenda zao.

Miezi thalathini na mitatu! Ngome iliyokuwa na mizinga kila upande haikuanguka hata ilipokosa watu wa kuipiga. Siku chache za upepo ndizo zilizoamua.

WARENO WARUDI, WARENO WATOKA

Ukidhani kuwa baada ya ushindi mkubwa kama huu mambo yalitulia, umekosea. Huko Oman wakubwa waligombana juu ya uimamu, nchi ikagawanyika mapande mawili, na ugomvi ule ukavuka bahari hata ukawafikia askari waliokuwa ndani ya Ngome. Pate nayo, iliyowasaidia Waomani mwaka 1696, ilichoshwa na Waomani. Mfalme wake akapeleka wajumbe Goa kuwaita Wareno. Mwezi wa Machi 1728 Wareno wakaingia Mombasa, na walinzi wa Ngome, waliokuwa wamegawanyika wao kwa wao, wakasalimu amri. Ngome iliyopatikana kwa miezi thalathini na mitatu ilipotea kwa siku chache.

Wareno hawakujifunza neno. Ubaya wao uliwafanya watu wa Mombasa wainuke mwezi wa Aprili 1729. Safari hii mji ulikuwa na neno moja, Ngome ikazungukwa, na chakula kikakatwa. Tarehe 26 Novemba 1729 Wareno walisalimu amri wakaondoka, wala hawakutawala Mombasa tena. Hapakuja manuwari kubwa kutoka nchi yoyote kuufanya ushindi huu. Waliufanya wenyeji, kwa kukubaliana na kwa kusubiri. Ni baada yake ndipo wajumbe wa mji, pamoja na watu wa bara, walipokwenda Oman kueleza waliyoyafanya na kutaka himaya.

MAZRUI NA BUSAIDI

Katika miaka ya 1730 Muhammad bin Uthman al-Mazrui alifanywa liwali wa Mombasa. Ahmad bin Said al-Busaidi alipotwaa mamlaka Oman, liwali huyu hakumtambua. Mwaka 1746 walikuja Ngomeni watu kutoka Oman kwa sura ya urafiki, wakapokewa, wakamuua mwenyeji wao. Kwa mara nyingine lango lilifunguliwa kwa ukarimu, likaingia jambia. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka kifungoni, akakusanya watu wa mji, akairudisha Ngome. Kutoka hapo Mazrui wakatawala Mombasa karibu miaka tisini, kwa kusaidiana na wazee wa Mataifa Matatu na wa Mataifa Tisa.

Nguvu yao ilikuwa katika masikilizano hayo, na ilipopungua masikilizano, nguvu ikapungua. Baada ya 1810 Mombasa na Pate walikwenda kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya pale Shela. Na Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwomba Sayyid Said bin Sultan aitie chini ya himaya yake. Hivyo Mombasa ilimleta adui karibu kwa mkono wake mwenyewe. Liwali Sulaiman bin Ali alipoona hatari imekaribia, mwezi wa Februari 1824 alimkubali Kapteni William Owen wa manuwari za Kiingereza, na bendera ya Uingereza ikapandishwa Ngomeni. Luteni John James Reitz aliyeachwa hapo alikufa kwa homa mwaka huohuo, na jina lake limebaki katika ghuba ya Port Reitz. Serikali ya London haikuikubali kazi ya Owen, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mwenye kuegemea ukuta wa jirani asistaajabu jirani akiubomoa.

Mwaka 1828 Sayyid Said alikuja na manuwari zake. Palifanywa mapatano, askari wake wakaingia Ngomeni. Mapatano yalipovunjika, Mazrui na watu wa mji wakawafungia askari wale ndani, wakawatoa kwa njaa. Sayyid Said akarudi mara mbili baadaye, na mara ya mwisho ilikuwa 1833. Mizinga ilipigwa, na mara zote mbili akarudi mikono mitupu. Huyu alikuwa na manuwari nyingi kuliko mtawala yeyote wa bahari hii katika zama zake, na Ngome ilimshinda.

Kisha mwaka 1835 akafa liwali Salim bin Ahmad, na jamaa wakagombana juu ya nani amrithi. Wazee wa upande mmoja wa mji, kwa kuchoshwa, wakampelekea Sayyid Said ujumbe. Mwaka 1837 akaja, akaingia kwa mapatano, bila ya kuhitaji kuibomoa hata pembe moja ya ukuta. Muda si mrefu wakubwa wa Mazrui wakaitwa kwa amani, wakakamatwa, wakasafirishwa hata Bandar Abbas, wasirudi tena.

Hatuyaandiki haya ili kuamsha uadui uliokwisha kulala. Miongoni mwa wasomaji wetu wamo wazao wa pande zote mbili, nao huoana na husali safu moja. Twayaandika kwa sababu mizinga ya 1833 haikuweza kulifanya lile ambalo ugomvi wa ndugu wa 1835 ulilifanya.

SIKU MIZINGA ILIPOSHINDA

Kwa insafu hatuna budi kuitaja siku moja ambayo mizinga ilishinda kweli. Wakati wa Sayyid Barghash, akida wa Ngome, Muhammad bin Abdallah, alimwasi bwana wake akajifungia ndani. Mwezi wa Januari 1875 manuwari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, zikaipiga Ngome kutoka baharini, na akida akasalimu amri. Siku ile ilionekana wazi kuwa zama za Cairati zimekwisha. Na jambo jingine pia lilionekana: Sultani aliyehitaji manuwari za wageni kumtoa akida wake mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa funguo za nchi. Haikupita miaka ishirini na moja pwani ikawa chini ya Waingereza, na tangu 1895 Ngome ikafanywa jela. Iliendelea kuwa jela hata 1958. Jumba la makumbusho likafunguliwa 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika hesabu ya mahali pa urithi wa ulimwengu.

KILINDINI

Vita vilikuwa vimekwisha kuhamia upande wa pili wa kisiwa. Merikebu za moshi hazikuogopa kusi wala kaskazi, lakini zilihitaji maji marefu, na reli iliyoanza kujengwa 1896 ilihitaji gati. Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi, na Kilindini ikawa bandari kuu.

Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani walipozishambulia bandari za Kisiwa cha Ceylon, Waingereza waliona kuwa manuwari zao za bahari ya mashariki haziko salama huko, wakazihamishia Kilindini. Mombasa ikawa makao ya kundi kubwa la manuwari. Pamoja nazo walikuja watu ambao hawakushika bunduki, wakakaa katika skuli ya Allidina Visram, kazi yao kusikiliza na kufumbua maandiko ya siri ya Wajapani yaliyopita hewani. Na Kenya ilipopata uhuru, kikosi chake cha wanamaji kikazinduliwa Desemba 1964 huko Mtongwe, ng'ambo ya maji hayohayo.

Linganisha mambo haya mawili. Mwaka 1698 Ngome ilipotea kwa sababu adui alipata khabari ya udhaifu wake kabla ya msaada kufika. Mwaka 1942 watu walikaa katika madarasa ya skuli wakitafuta khabari za adui. Silaha zimebadilika, lakini khabari, chakula na kuaminiana havijabadilika.

HESABU YETU

Sasa na tumjibu kijana wetu. Mwaka 1631 lango lilifunguliwa kwa mtu aliyedhulumiwa utotoni na waliodhani wamemfuga. Mwaka 1698 lilifunguliwa na njaa na maradhi. Mwaka 1728 na ugomvi wa walinzi, na mwaliko wa jirani. Mwaka 1729 na njaa tena, na umoja wa mji. Mwaka 1746 na khiyana. Mwaka 1828 na mapatano, kisha njaa. Mwaka 1837 na ndugu waliogombana. Mara moja tu, mwaka 1875, lilifunguliwa na mizinga peke yake. Basi, ewe kijana, kuta hazikuwa na kosa. Cairati alizijenga vizuri, nazo zimesimama hata leo kuthibitisha kazi yake.

Wanafunzi na wairejee aya ya 46 ya Suratul-Anfal, waisome pamoja na khabari hizi, na wajiulize kama katika Mombasa yetu ya leo, katika misikiti, skuli na kamati zetu, hapana Faza na Pate. Maana mtu hujisifu kuwa babu zake waliwatoa Wareno, na ni kweli waliwatoa. Lakini tumesoma pia ni nani aliyewaita. Mwenye kuichukua sifa ya 1729 hana budi aichukue na lawama ya 1728, kwani zote mbili ni mirathi yake.

MASWALI YA DARASA

1. Taja milango mitatu ya kisiwa cha Mombasa, na ueleze jinsi kusahauliwa mmoja kulivyouangamiza mji mwaka 1589.

2. Kwa nini pepo za kaskazi na kusi zilikuwa na nguvu katika vita vya 1696 hata 1698 kuliko mizinga?

3. Daud wa Faza alipigana upande wa Wareno. Ni sababu gani iliyompeleka huko, na ni nani wa kulaumiwa kwa sababu hiyo?

4. Ushindi wa 1729 ulifanywa na wenyeji peke yao. Walikuwa na nini mwaka huo ambacho hawakuwa nacho mwaka 1728?